Mimba, Usukani na Kamba ya Ngamia

Septemba 2013, sheikh mmoja wa Saudia aliwaonya wanawake waliokuwa wakidai ruhusa ya kuendesha magari. Udereva, alisema, hudhuru ovari na kuisukuma nyonga juu, na watoto wao huzaliwa na kasoro. Swali lililobaki ni hili: kiti cha nyuma, walichokikalia wanawake haohao kila siku, kilikuwa na kinga gani? Marufuku yenyewe iliondolewa Juni 24, 2018.

Hofu haikuondoka nayo. Dar es Salaam pia, mwenye mimba ya miezi saba akijiandikisha shule ya udereva, mashangazi na mawifi hawakosi neno: si angesubiri ajifungue kwanza? Chini ya neno hilo kuna swali la imani. Mjamzito anayejitia barabarani anamtegemea Mungu, au anamjaribu?

Wepesi wa kulaumu humsahau Asma binti Abubakar, sahaba wa Mtume Muhammad. Wakati wa hijra alitoka Makka kwenda Madina, zaidi ya kilomita 400 za jangwa, mimba yake ikiwa imekwisha kutimia. Alijifungua Quba, karibu na Madina, na mtoto huyo, Abdullah bin Zubeir, akapokewa kwa shangwe. Hatusikii aliyemlaumu mama yake kwamba angekaa nyumbani.

Fiqhi nayo, katika saumu, humruhusu mjamzito kula akihofia afya yake au ya mtoto. Hofu hiyo huipima mwenyewe, akisaidiwa na tabibu. Jirani hahusiki.

Hata hivyo, hatari ipo. Mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 500,000: katika miezi mitatu ya kati ya mimba, ajali kubwa walizopata wakiendesha ziliongezeka kwa asilimia 42 kuliko kabla ya kushika mimba. Hawakuwashauri waache usukani. Waliwasihi waongeze uangalifu, wakikumbusha kwamba wanaume wa rika lao hupata ajali nyingi zaidi.

Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia au amwache na kutawakali, yaani kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha atawakali. Ndani ya gari kamba hiyo ni mkanda: wa chini hupita chini ya tumbo, juu ya nyonga, na wa juu katikati ya matiti, ukikwepa tumbo.

Kwa mwanafunzi mjamzito, kazi ngumu ni kiti. Akikirudisha nyuma ili tumbo liachane na usukani, mguu haufiki vizuri kwenye klachi. Akikisogeza mbele, tumbo linagusa. Siku ya mtihani anakisogeza jino mojamoja, anakanyaga klachi hadi mwisho, anaupitisha mkanda chini ya tumbo na kuangalia kioo. Trafiki aliyekaa kando yake, karatasi mapajani, naye anavuta mkanda wake.