Tulikwenda Bunyonyi Kutazama Nini?

Bango la safari yetu ya mwisho wa muhula lilikuwa na picha ya Ziwa Bunyonyi, milima nyuma yake, na juu kabisa maandishi makubwa: Al-Ankabut, 20. Msomaji wa jarida hili anaijua aya hiyo, ambamo Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anaamrisha watu watembee katika ardhi na watazame jinsi alivyouanzisha uumbaji. Waandaaji wa safari wanaipenda sana. Mimi pia niliipenda, kwa sababu nilikuwa mweka hazina wa safari ile na aya ilinisaidia kukusanya michango.

Sasa jumuiya inapanga safari nyingine, na katika mkutano mkuu uliopita mjadala ulikuwa mkali. Ndugu mmoja alisimama akasema safari hizi ni lahwi na israfu, na kwamba pesa ya basi ingenunua misahafu ya msikiti mzima. Mwingine akamjibu kwa aya ile ile ya bango. Wote wawili walipigiwa takbiri. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilichokuwa nacho hakikuwa hoja bali kisa, na kisa chenyewe hakinisifu. Nakiandika hapa kwa sababu kuandika ni rahisi kuliko kusimama.

Tulitoka Kampala baada ya swala ya Alfajiri. Kayabwe tulisimama kwenye mstari wa Ikweta, tukamlipa kijana anayeonyesha maji yakizunguka kulia upande huu na kushoto upande ule, huku wenzetu wa fizikia wakinong'ona kwamba ni kiini macho. Masaka, Mbarara, Ntungamo. Adhuhuri na Alasiri tulizikusanya na kuzipunguza katika msikiti wa kando ya barabara, na jua lilipokuwa linazama tulikuwa Kabale, mji wenye baridi ya kutosha kumfanya mtu wa Tanga kama mimi avae kila alichobeba.

Siku tatu hatukuwa na haraka na jambo lolote, na hiyo ndiyo ilikuwa raha ya safari. Ziwa lile lina visiwa 29, na jina lake maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi. Asubuhi ukungu unalala juu ya maji, halafu unainuka polepole na kukuonyesha mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi kutoka ufukweni hadi kileleni. Nilisema subhanallah kwa moyo, si kwa mazoea. Kwa hiyo anayesema kwamba matembezi hayana faida yoyote katika dini, mimi sikubaliani naye. Aya ile niliiona kwa macho yangu.

Siku ya pili tulikodi boti mbili. Nahodha wetu alikuwa mzee wa Kikiga mwenye Kiswahili cha kutosha. Alitupitisha kwanza Bwama, kisiwa ambacho miaka ya 1930 daktari mmisionari Mwingereza, Leonard Sharp, alikijengea makazi ya wagonjwa wa ukoma. Siku hizi kuna shule. Kisha akatupeleka Akampene na kuzima mashine.

Akampene hakistahili hata kuitwa kisiwa. Ni kipande cha nyasi chenye mti mkavu, na boti inaweza kukizunguka kwa dakika chache. Mzee alitueleza kwamba hapo zamani msichana wa Kikiga aliyeshika mimba kabla ya ndoa aliletwa pale na kuachwa, afe kwa njaa na baridi, au azame akijaribu kuogelea kurudi. Mara nyingine mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari alikuja na mtumbwi akamchukua mmoja wao awe mkewe. Desturi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, si zamani kama tunavyopenda kudhani.

"Na wanaume waliowapa mimba, mzee, wao walipelekwa wapi?" aliuliza dada mmoja anayesoma sheria.

"Walikuwa nyumbani, mwanangu."

Watu walicheka. Sidhani walicheka kwa ubaya, jibu lenyewe lilikuja ghafla. Kisha simu zikatoka. Ndugu yetu mmoja, hafidhi wa juzuu ya thelathini na imamu wetu katika safari nzima, alitupanga vizuri ili ule mti mkavu uonekane nyuma yetu. Picha hiyo bado iko kwenye simu yangu. Mimi ni wa pili kutoka kushoto, nimeinua dole gumba.

Tulipoanza kurudi nilikaa nyuma karibu na mzee, kwa kuwa mwenye pesa ndiye hukaa karibu na nahodha. Akaniambia, kwa sauti ya chini na bila kunitazama, kwamba shangazi wa babu yake aliachwa pale. Nilimwuliza kwa nini hakusema wakati tumesimama. Akasema, "Nikisema, wanataka kupiga picha na mimi." Nikamwuliza jina la yule shangazi. Alinitajia. Sitaliandika hapa.

Usiku ule katika Isha imamu wetu alisoma Suratut-Takwir. Sidhani aliichagua kwa makusudi. Ni sura anayoipenda. Mnajua palipo na msichana aliyezikwa hai, atakayeulizwa Siku ya Kiyama aliuawa kwa kosa gani. Tangu madrasa tumefundishwa kwamba hao ni mabinti wa Waarabu wa jahilia, na mtoto hutoka darasani akishukuru kwamba Uislamu ulikuja ukaondoa ushenzi ule. Nilisimama katika safu nikiwa na picha ile mfukoni.

Na hapa niseme lisilohusu Wakiga. Mwaka mmoja kabla ya safari hiyo, dada mmoja wa jumuiya alishika mimba akiwa mwaka wa pili. Hakuna aliyempeleka ziwani. Tulimwondoa katika kundi la WhatsApp, wakubwa wake wakaacha kupokea simu zake, na mwisho wa muhula hakuonekana tena. Yule kaka aliyehusika, ambaye kila mtu alimjua, aliendelea kukusanya michango ya futari. Alikuwa nyumbani, kama alivyosema mzee. Nilikuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi lile. Sikubonyeza mimi, lakini nilimwona aliyebonyeza na sikumwuliza kitu.

Suratul-Hajj, aya ya 46, inasema kuhusu watu waliotembea katika ardhi wasipate nyoyo za kufahamia, na inaeleza kwamba upofu wenyewe si wa macho bali wa nyoyo zilizo vifuani. Aya hii hatuiweki kwenye mabango.

Siku ya tatu tulikwenda upande wa Kisoro kuwaona Watwa. Gorila hatukuwafikiria, kibali cha kukaa nao saa moja ni dola 800 kwa mgeni kutoka ng'ambo, na hata bei ya sisi watu wa Afrika Mashariki haikuwa ya mifuko yetu. Lakini Watwa waliishi katika msitu huo huo wa gorila. Mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa, wao walitolewa, bila ardhi nyingine ya maana na bila fidia ya haki. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba walidhulumiwa. Wengi wao hadi leo wanaishi kwenye vipande vya ardhi ya watu wengine, wakifanya vibarua, na wakicheza ngoma kwa wageni.

Aliyetupeleka alitaja bei ya ngoma: shilingi 150,000. Niliwahi kumwona mama yangu sokoni Tanga akinunua samaki, basi biashara ninaijua. Nilisema ni nyingi, nikageuka kama ninayeondoka, nikarudi. Tulikubaliana 80,000. Wenzangu walinipongeza. Walitoka watu kumi na wengine, akiwemo bibi mmoja mzee sana aliyekuwa akikohoa, na watoto ambao saa ile walipaswa kuwa shuleni. Walicheza kwenye tope kwa dakika arobaini hivi. Hesabu ndogo ya kichwa ingetosha kunionyesha kila mmoja angepata nini baada ya aliyetuleta kuchukua chake. Sikuipiga. Zile 70,000 nilizookoa zilinunua soda na gonja za watu wote pale Lukaya tukirudi.

Ndani ya basi ulizuka mjadala wa kifiqhi, nasi wa Islamu tuliulizwa sana: je, kusikiliza ile ngoma ilikuwa halali? Tulitoa kauli za madhehebu, dufu na kisichokuwa dufu, harusi na kisichokuwa harusi. Mjadala ulitoka Ntungamo ukafika karibu na Masaka. Katika muda wote huo hakuna aliyeuliza kama bei ilikuwa halali. Mtu ataniambia kwamba walikubali, na kuridhiana ndilo sharti la muamala. Ni kweli. Lakini wanachuoni wameizungumza pia biashara ya aliyebanwa na dhiki, anayekubali bei kwa sababu hana pa kwenda, na Mtume (s.a.w.) amemwombea rehema mtu aliye mpole anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Mambo haya niliyafanyia mtihani na nikapata alama nzuri.

Mwezi huu darasani tumesoma sehemu ya Ihya ambamo Imam Ghazali ametenga kitabu kizima kwa adabu za safari. Anazitaja safari za elimu, za ibada, za kukimbia madhara. Kisha anawataja wale wanaozurura ili waone miji tu, na kuwafananisha na wanyama wanaorandaranda jangwani. Darasa lilicheka. Lakini hakuwaharamishia. Anasema hakuna ubaya katika kuzurura kwao maadamu wanawazuilia watu shari yao na hawawahadai kuhusu hali zao. Naona sharti hili linawajibu ndugu zetu wote wawili wa mkutano mkuu. Swali la kwanza linahusu waliotupokea, walitupata vipi na tuliwaacha vipi. Israfu na aya ya bango vinakuja baadaye. Na kama kuwahadai watu ni kosa, basi sisi tulioshuka basini na kanzu na hijabu zetu, Waislamu wanaosoma dini yao, tulionyesha sura ambayo pochi yangu haikuithibitisha.

Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka kumi na kitu baadaye alikuwa Malabar, kusini mwa India. Anasimulia njia ya pwani ile, yenye kivuli cha miti mwendo wote, na kila nusu maili kibanda cha mbao chenye mabenchi ya wasafiri, Mwislamu na asiye Mwislamu, na kisima chenye mtu wa kuwanywesha. Kwa desturi ya usafi wa dini yao, wenyeji hawakumpa Mwislamu chombo chao. Walimmiminia maji viganjani. Kisa hiki nimekifikiria sana. Wenyeji walikuwa na mipaka yao, mgeni aliikuta akakinga viganja, na maji aliyapata. Sisemi Ibn Battuta alikuwa malaika. Msafara wake ulikuwa na watumwa, na hilo nalo limo katika kitabu chake. Ila katika njia ile mgeni alikuwa mtu wa kunyweshwa, na mwenyeji hakuwa maonyesho.

Kuna neno jingine linanisumbua. Waarabu wa leo wanamwita mtalii saih. Neno la asili hiyo limo katika Suratut-Tawba, aya ya 112, katika sifa za waumini, na wafasiri wengi wamelieleza kuwa ni wanaofunga. Sababu inayotajwa ni kwamba msafiri wa zamani aliyetoka bila akiba alijizuia mpaka apate chakula, kama mfungaji anavyojizuia mpaka Magharibi. Pale Akampene sikujizuia na chochote, hata simu.

Je, tusiende tena? Nilimwuliza mzee wa boti karibu swali hilo, tulipokuwa tunashuka: kama haoni uzito kupeleka watu pale kila siku. Alinitazama kana kwamba sina akili. "Msipokuja nitakula nini, mwanangu?" Kwa hiyo ndugu yetu wa misahafu naye hajamaliza shauri. Kubaki Kampala tukisoma vitabu vyetu hakumpi mzee chakula cha jioni wala hakumrudishii Mtwa msitu wake.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa kamati na ombi moja, kwamba bajeti ya safari ijayo ianze na shilingi 70,000 za kupelekwa Kisoro, mkononi mwa wale waliocheza, kabla ya basi na kabla ya chakula. Mweka hazina mpya ni kijana makini kuliko nilivyokuwa mimi. Alifungua daftari lake, akaniuliza aiandike chini ya kichwa gani: sadaka, au deni. Nilimwambia deni. Akasema deni linahitaji risiti.

Namba ya yule dada ninayo bado. Nimempigia mara mbili. Mara ya kwanza haikuita. Mara ya pili ilipokelewa na mtoto.