Jumba Lililo Mfukoni

Juzi pale Top Market, Nakuru, nilimpa mama muuza viazi noti ya mia mbili. Alipokuwa akitafuta chenji nikamwuliza kama amewahi kuingia kwenye jumba lililochorwa juu yake.

"KICC? Nikaende kufanya nini huko? Hiyo ni ya wakubwa, mwanangu."

Nilicheka, lakini jibu lake lilinifuata hadi nyumbani. Je, kitu ambacho hujawahi kukikanyaga kinaweza kuwa chako?

Jumba hilo la Nairobi, lenye ghorofa 28, lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, Mkenya. Mwanzoni lilikusudiwa kuwa makao ya chama cha KANU. Lakini Benki ya Dunia ilipoamua kufanya mkutano wake Nairobi mwaka 1973, likakuzwa, na pesa za umma ndizo zilizolijenga. Hata hivyo, kwa takriban miaka 30 KANU ilikaa humo kama kwake. Serikali ya NARC ililirudisha kwa umma Februari 2003, wiki chache tu baada ya KANU kushindwa katika uchaguzi.

Kisha Katiba ya 2010 ikakataza sura za watu kwenye pesa. Noti mpya zilipotangazwa Narok, Juni 2019, marais hawakuwemo tena. Zote zilibeba KICC, ingawa sanamu ya Jomo Kenyatta ilionekana hapo mbele. Wapo waliokwenda kortini kuipinga, wakashindwa.

Sasa basi, mama wa viazi amekosea? Kwa upande mmoja, la. Mali usiyoweza kuitumia ni kama mali ya kusimuliwa. Lakini nadhani umiliki wa umma hauanzi mlangoni. Unaanza pale mtu anapoweza kuuliza, "Hii ilijengwa na pesa za nani?", na anayeulizwa akalazimika kujibu. Mwaka 2003 jumba lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni kwamba swali lilipata mwenye nguvu ya kulidai jibu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nakuru nayo ni jiji tangu 2021. Ina masoko, viwanja na ardhi ya umma.

Niliporudi sokoni nilimwambia mama hayo yote. Akatoa kwenye aproni risiti ya ushuru wa soko wa siku hiyo.

"Mimi hulipa kila siku. Haya, niulize nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini hapo tayari alikuwa ameanza kuuliza.