Simba Wana Majina, Walioliwa Hawana

Mara ya kwanza nilipoiona The Ghost and the Darkness nilikuwa darasa la tano. Ilikuwa kwenye banda la video Mabatini, hapa Mwanza, kiingilio shilingi hamsini, watoto tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, dirisha limezibwa kwa gunia ili mwanga usiingie. Mtafsiri alikaa pembeni ya televisheni na maiki yake. Kiingereza cha Val Kilmer alikuwa anakisikia nusu, nusu nyingine anajazia mwenyewe, na hakuna aliyelalamika.

Kuna mahali nyasi ndefu zinatikisika. Banda zima lilinyamaza. Halafu kibarua mmoja, ambaye filamu haimtaji jina hata mara moja, akavutwa na kupotea. Mtafsiri akasema kwa sauti ya masikitiko: "Basi, Masanja huyo ameondoka." Tukacheka. Dakika chache baadaye akaenda mwingine. "Na Shija naye. Jamani, nani atamwambia mama yake Shija?" Tukacheka tena, ila safari hii kicheko kilikuwa kidogo, maana kwenye benchi letu alikuwepo Shija.

Juzi nimeirudia filamu hiyo kwenye kompyuta, peke yangu, bila mtafsiri. Woga uko palepale. Lakini niliendelea kusubiri majina, na majina hayakuja. Tangu siku hiyo kuna swali linanisumbua: filamu ya kutisha iliyojengwa juu ya vifo vya kweli inadaiwa nini na wale waliokufa?

Kwa ambaye hajaiona, nieleze kwa ufupi. Mwaka 1898 Waingereza walikuwa wanajenga reli kutoka Mombasa kuja huku kwenye ziwa letu. Mhandisi John Henry Patterson alitumwa kujenga daraja la mto Tsavo. Simba wawili madume wakaanza kuingia kambini usiku na kuwatoa watu kwenye mahema. Hali hiyo iliendelea kwa miezi, mpaka vibarua wengine wakakimbia kwa treni na kazi ikasimama kwa wiki tatu. Desemba mwaka huohuo Patterson aliwaua simba wote wawili, na mwaka 1907 akatoa kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo. Kutokana na mkasa huo Hollywood ilitengeneza Bwana Devil mwaka 1952, kisha The Ghost and the Darkness mwaka 1996, iliyoongozwa na Stephen Hopkins na kuandikwa na William Goldman.

Kasoro zake ni nyingi, na wapenzi wake tunazijua. Tsavo yake ilipigwa picha Afrika Kusini. Simba wa kweli wa Tsavo hawakuwa na manyoya shingoni, wa kwenye filamu wana manyoya kama wa kwenye noti. Mwindaji Remington, anayechezwa na Michael Douglas, hakuwahi kuwepo, na Goldman mwenyewe aliandika baadaye kwamba mhusika huyo aliharibiwa kwa kuelezwa kupita kiasi. Maneno mengine ni mazito mdomoni kama ugali wa jana.

Lakini hewa yake, jamani! Vilmos Zsigmond alizipiga picha zile nyasi mpaka unaona kila jani linaficha kitu. Sauti zake zilipata Oscar ya uhariri wa sauti, na ilistahili: ule mngurumo hujui unatokea kushoto au kulia. Kuna usiku wenye moto, boma la miiba, na watu wanaosikiliza tu. Nimeona filamu nyingi zilizotengenezwa vizuri kuliko hii na nimezisahau zote. Hii haisahauliki.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Katika kitabu chake Patterson aliandika kwamba simba wale waliua vibarua 28 wa Kihindi. Halafu akaongeza kwamba waliuawa pia Waafrika wengi ambao hakuna aliyeweka kumbukumbu zao rasmi. Hiyo ni sentensi moja tu, kisha hadithi inasonga mbele. Miaka mingi baadaye, akiwa ameshaziuza ngozi za simba wale kwa jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, kwa dola 5,000, alisema jumla ya waliouawa ilikuwa 135. Mwaka 2009 watafiti waliopima kemikali zilizomo kwenye mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria kwamba walikula watu kama 35.

Mtu anaweza kudhani 135 ndiyo heshima na 35 ndiyo dharau. Mimi naona namba ile kubwa haikuwa ya wafu hata kidogo. Ilikuwa ya simba, na kupitia simba ikawa ya mwindaji. Mnyama aliyeua watu 135 ni mkubwa kuliko aliyeua 35, na aliyemuua mnyama huyo naye anakua hivyohivyo. Maiti wamegeuzwa rula ya kupimia urefu wa mtu mwingine.

Linganisha na kisa kingine cha reli ileile. Mwaka 1900, stesheni ya Kima, simba mwingine alimtoa Charles Ryall, afisa wa polisi Mwingereza, ndani ya behewa. Jina lake tunalijua, cheo chake tunakijua, hata kwamba alikuwa anamvizia simba huyo akapitiwa na usingizi tunajua. Huyo ni mtu mmoja, na ana hadithi nzima. Waafrika wa Tsavo wana neno "wengi".

Tuna ule msemo unaopendwa sana na sisi waandishi, kwamba mpaka simba wapate mwandishi wao, hadithi za mawindo zitamsifu mwindaji. Tsavo imeuvuruga msemo huo. Simba wa Tsavo wameshapata waandishi. Wana filamu, wana kabati la vioo Chicago, na wana majina mawili, Mzimu na Giza, ambayo ndiyo kichwa cha filamu yenyewe. Waliokosa mwandishi ni walioliwa.

Najua utakachosema, msomaji, kwa sababu rafiki yangu mmoja ameshanijibu hivyo: "Dada, filamu si sensa. Mtu amelipa apate kuogopa, wewe unamletea daftari la mahudhurio." Ana hoja. Kama hadithi ingekuwa ya kubuni, ningenyamaza. Zimwi la kwenye ngano halina marehemu wa kumdai. Lakini filamu hii inaanza kwa kutuhakikishia kwamba hata mambo yake yasiyoaminika yalitokea kweli. Hapo ndipo deni linapoanza. Nusu ya woga wetu inatoka kwenye neno "kweli", na neno hilo limelipiwa na watu waliovutwa kutoka kwenye mahema. Ukikopa uzito wa kifo cha mtu ili hadithi yako itishe, huwezi tena kusema mtu huyo hakuhusu.

Na kuna jambo lililonishangaza zaidi nilipoitazama ukubwani. Sehemu bora za filamu ni zile za kusubiri: usiku, hema, masikio yamesimama, hujui leo ni zamu ya nani. Kusubiri huko kulikuwa kwa vibarua. Patterson aliogopa pia, simnyimi haki yake, lakini aliogopa akiwa na bunduki. Aliyelala chini kwenye hema la turubai, mikono mitupu, ndiye aliyeujua woga ule tunaousifu. Kwa hiyo kilicho kizuri kabisa ndani ya filamu hii ni mali ya watu isiyowataja. Hata msimulizi wake, Samuel, anayechezwa na John Kani, ni Mwafrika, ila amepewa kazi ya kutusimulia habari za Patterson.

Vibarua wenyewe walikuwa na maelezo yao. Patterson anaandika kwamba walimwambia simba wale si simba, ni roho za machifu wawili waliokufa, waliokasirishwa na reli kupita katika nchi yao. Yeye aliona ni ushirikina. Filamu inalitumia wazo hilo kama moshi, kuongeza giza. Mimi nimekulia Kanda ya Ziwa, najua ubaya wa swali la "nani kamtuma". Limeua vikongwe wenye macho mekundu, limeua watu wenye ualbino. Sitalipamba. Lakini kwa Tsavo, angalau walikuwa wanaielekeza lawama upande ambao filamu haitazami kabisa: reli. Katika ujenzi wote wa reli ile walikufa vibarua wa Kihindi karibu 2,500, wengi wao kwa magonjwa. Linganisha na 28 wa simba. Malaria na kuhara damu havina manyoya wala mngurumo, na hakuna anayelipa kiingilio kuviona. Simba aliyeuawa anatuachia faraja kwamba kilichokuwa kinaua watu sasa kimekufa. Mwisho wa filamu daraja limekamilika, na tunatakiwa kufurahi.

Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo watu na mizigo wakapanda meli, na meli zikaja mpaka Mwanza. Ndiyo maana kila nikifikiria daftari la Tsavo najikuta nafikiria la kwetu.

Tarehe 21 Mei 1996, miezi mitano kabla filamu hii haijatoka Marekani, MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Nilikuwa mdogo, nakumbuka watu wazima wakiongea kwa sauti ya chini na redio ikiwa imewashwa siku nzima. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo ukisoma idadi ya waliokufa unakuta mia nane, unakuta 894, unakuta karibu elfu moja. Waliolipa nauli ndogo walizama na majina yao. Na katika maandishi mengi ya nje meli hiyo inatajwa kwa sababu ya mtu mmoja aliyefia humo, Abu Ubaidah al-Banshiri wa al-Qaeda. Mkubwa kapata sentensi, wengine wamepata "wengi". Mwaka 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, kivuko cha kubebea watu 101, waliokufa walizidi 220.

Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja, kila 21 Mei anavaa khanga zake na kwenda Igoma, kwenye makaburi ya MV Bukoba. Mdogo wake alikuwa daraja la tatu na hakupatikana. Siku moja nilimuuliza, "Mama, unasimama kwenye kaburi lipi?" Akanijibu, "Lolote. Nalitaja jina lake, najua jirani yake atampelekea." Sijawahi kusikia hoja nzuri zaidi ya hiyo kuhusu wajibu wetu kwa wafu. Hakudai namba. Hakudai filamu wala mnara. Alidai jina litamkwe mahali karibu na lilipopotelea.

Ndipo ninapomrudia mtafsiri wangu wa Mabatini. Kwa miaka nilidhani alikuwa anachekesha tu, na kweli alikuwa anachekesha. Masanja na Shija walikuwa wa kubuni. Kibarua aliyeliwa Tsavo hakuwa Msukuma wa Mabatini. Kumpa marehemu jina lisilo lake ni uongo, na mtu anaweza kusema ni dharau ya pili. Nimelifikiria sana hilo. Naona tofauti iko hapa: uongo wa 135 ulimfanya mwindaji awe mkubwa, uongo wa Shija ulitufanya sisi, watoto ishirini tuliolipa shilingi hamsini, tukumbuke kwamba aliyevutwa kwenye nyasi ana mama. Filamu ilikuwa na mamilioni ya dola na haikulifanya hilo. Yeye alikuwa na maiki inayokwaruza.

Je, niache kuipenda? Nimejaribu, nimeshindwa. Nadhani hata kuacha si jibu. Filamu mbovu yenye hewa nzuri inaweza kutazamwa kwa haki, alimradi mtazamaji afanye kazi ambayo filamu iliikwepa.

Na pengine kazi hiyo haijachelewa. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nywele zilizonasa ndani ya meno yaliyovunjika ya simba wale. Walikuta za twiga, pundamilia, nyumbu, na za binadamu. Hizo za binadamu hawakukimbilia kuzichambua zaidi. Walieleza kwamba huenda wazao wa marehemu bado wanaishi maeneo yale, na kwamba wanataka kwanza kwenda pamoja na jamii hizo.

Niliposoma hilo nilimpigia simu Shija, sasa hivi ana duka la vipuri Nyakato. Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo wakimpata, watamtaja?"

Nikamwambia natumaini hivyo.