Kaya Haina Tumbo

Mtu wa pwani akisikia jina la Malindi, fikra yake huenda baharini, kwenye mji wa Kenya wenye majahazi na nguzo ya Vasco da Gama. Lakini iko Malindi nyingine, mbali na chumvi, juu katika milima ya Usambara, nayo ni kata ya Wilaya ya Lushoto. Huko ukungu ndio bahari yao, na watu hulima viazi, kabichi, maharage na mahindi katika miteremko mikali.

Liko neno moja linalozikutanisha Malindi hizi mbili kwa namna ya ajabu, nalo ni neno kaya. Nyuma ya ile ya bahari, kwa Wamijikenda, kaya ni boma la mababu katikati ya msitu, lililowakusanya watu wengi nyuma ya ua mmoja. Misitu ya kaya hizo iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Katika ile ya mlimani, kama kwingineko Tanzania, kaya ni neno la karani wa takwimu: ni watu wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja. Sensa ya mwaka 2002 iliikuta kaya ya Tanzania na wastani wa watu 4.9, ya mwaka 2012 ikaikuta na 4.7, na ya mwaka 2022 na 4.3. Neno ni moja, vipimo ni viwili: huko ni watu wote walio ndani ya ua, huku ni watu wanne na sehemu ya mtu wa tano.

Tofauti hii ingekuwa mchezo wa maneno tu lau si njaa. Mvua zikikosekana na ghala likawa tupu, chakula cha msaada hakigawiwi kwa mtu, hugawiwa kwa kaya. Katika ukame uliofuatia kukosekana kwa mvua za mwishoni mwa mwaka 2005, mahindi ya akiba ya Taifa yalitolewa kwa njia mbili: kwa bei nafuu kwa wenye uwezo kidogo, na bure kwa wasio na kitu. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanzishwa mwaka 2012 chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, hutoa fedha na si unga, lakini mlango wake ni ule ule. Mkutano wa kijiji huzitaja kaya maskini. Kisha hufuata dodoso la nyumba, mali na watu. Kisha orodha hurudi mbele ya wanakijiji ithibitishwe. Basi swali la maadili huanza hapo: ni nani hasa anayeingia katika orodha, na ni haki gani inayomwingiza?

Sura za wanaoingia zinajulikana. Ni mjane mwenye shamba lililopunguzwa na ndugu wa mume. Ni bibi aliyebaki na wajukuu, wazazi wao wakiwa wamefariki au wameshuka Tanga na Dar es Salaam kutafuta riziki. Ni mlemavu, ni mgonjwa wa muda mrefu, ni nyumba yenye vinywa vingi na mikono michache. Hawa hawahitaji mwanafalsafa wa kuwatetea, kwani kila mwenye macho huwaona.

Ugumu uko kwingine. Kaya haina tumbo. Tumbo ni la mtu. Orodha huandika jina la mkuu wa kaya, gunia huingia mlangoni, na baada ya hapo mlango hufungwa. Nani atapakuliwa kwanza? Nani atakula ukoko? Nani atasema ameshiba ili mtoto aongezwe? Historia ya pwani hii inalo jibu chungu. Katika njaa za karne ya 19, ziko familia za bara ya Mombasa na Malindi zilizoweka watoto wao rehani kwa watu wa miji ili wapate nafaka. Nyumba iliokoka, lakini ilimtoa mtu wake mdogo aliyekuwa hana kauli. Anayesema kwamba kaya imelishwa hajasema bado ni nani aliyekula.

Yupo pia asiyeonekana kabisa. Ni kibarua mwenye mwili mzima na jembe begani, ambaye hakupata wa kumwajiri. Yeye si mzee, si yatima, si mlemavu, huruma haimtambui. Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu umaskini na njaa, aliichunguza njaa ya Bengal ya mwaka 1943, akaonyesha kwamba waliokufa kwa wingi walikuwa vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi, ilhali chakula nchini hakikuwa kimepungua kwa kiasi cha kueleza maafa yale. Kilichopungua ni uwezo wao wa kukipata. Fikra hiyo yafaa ipandishwe Usambara. Mlima huo huteremsha mboga na matunda mpaka masoko ya Dar es Salaam; lakini anayelima kabichi hali kabichi peke yake. Hununua mahindi, na siku bei ya kabichi ishukapo na ya mahindi ipandapo, mkulima huwa na njaa katikati ya shamba la kijani.

Wako wasemao: basi na kigawiwe sawa kwa wote, kila nyumba kibaba chake. Ziko jamii nyingi za Afrika Mashariki zilizopokea chakula kilichokusudiwa wachache zikakigawa kwa wengi, na wagawaji wa kigeni wakakiita kitendo hicho uvunjaji wa utaratibu. Hoja ya wanakijiji si ya kudharauliwa. Mtu wa pwani aliyewahi kula kikoa anaielewa: leo kwangu, kesho kwako, na anayetengwa leo hatakukumbuka kesho. Tena mgao wa sawa humwondolea maskini aibu ya kutangazwa mbele ya jirani. Lakini usawa wa vibaba si usawa wa watu. Nyumba ya vijana wawili wenye nguvu ikipata sawa na ya bibi mwenye wajukuu watano, bibi amelipa gharama ya amani ya kijiji kwa njaa ya wajukuu. Amani hiyo ni nzuri. Anayeilipia ndiye asiyefaa kuilipia.

Kwa hiyo kuhesabu hakuepukiki. La kuchungwa ni nia ya hesabu. Milima hii imewahi kuhesabiwa kwa nia nyingine. Mwaka 1907, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, utawala wa Kijerumani ulianza kumpa mwanamume Msambaa kadi iliyomlazimu kufanya kibarua siku 30 katika kila miezi 4 kwa walowezi. Kadi ile ilihesabu mikono, haikuuliza habari ya vinywa.

Na kabla ya kadi, Wasambaa walikuwa na kipimo chao. Mfalme wa Kikilindi aliyekaa Vugha alisifiwa kwa kuitengeneza nchi au akalaumiwa kwa kuiharibu. Mvua na shibe vilikuwa ushahidi wake, na njaa ilikuwa shtaka lake. Si lazima mtu aamini kwamba mfalme huleta mvua ili aone hekima iliyomo. Katika fikra ile, njaa ikija, anayehojiwa ni mtawala. Katika dodoso, anayehojiwa ni mwenye njaa: una mbuzi wangapi, paa lako ni la nini, jana ulikula mara ngapi.

Haki ingetaka mahojiano yote mawili. Mwenye njaa aulizwe, ili kibaba kimfikie yeye na si mlango wake tu. Naye mwenye ghala, mwenye soko na mwenye kalamu waulizwe kwa nini mlima unaolisha mji una nyumba zisizofuka moshi. Orodha yenye swali la kwanza bila la pili huwatambua maskini kwa usahihi, kisha huwaandika tena mwaka unaofuata.