Kusitiri na Kuficha

Lugha yetu ina vitenzi viwili vinavyofanana kama pacha: kuficha na kusitiri. Vyote viwili huondoa kitu machoni pa watu. Lakini mwizi huficha, wala hatusemi kuwa amesitiri. Na Mola tunamwomba atusitiri, wala hatumwombi atufiche. Nimeishi miaka mingi kwa kupima maneno, mashairi nikiyatunga na ya wengine nikiyafasiri, wala sikuwahi kutakiwa kuitolea hukumu tofauti ya vitenzi hivi mpaka siku ndugu wawili walipopiga hodi kwangu na bahasha ya barua.

Zilikuwa barua 11, za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyozoea wazee wetu waliofunzwa chuoni. Ndugu hao, ambao mkubwa wao amekwisha kuota mvi, hawakuweza kuzisoma. Walikuwa wamezitoa katika kasha la mama yao, chini ya kanga zake za zamani, mwenyewe alipokwenda kumtazama mgonjwa. Mama huyo ni mjane wa miaka 70. Eda yake ilikwisha zamani, na sasa ameposwa na mzee aliyerudi kutoka Maskati, mtu ambaye watoto hawakuwahi kulisikia jina lake.

"Maalim, tusomee," akasema mkubwa. "Tunataka kujua kama mama alikuwa naye huku baba yu hai."

Kisa kama hicho si kigeni visiwani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na kwa miaka kadhaa iliyofuata, wako waliovuka bahari usiku kwa majahazi na ngalawa. Na baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala wa Omani, wengi wenye asili ya huko waliokuwa Afrika Mashariki walielekea Maskati. Vyombo hivyo havikubeba watu tu. Vilibeba na ahadi. Waliobaki nyuma waliolewa, wakazaa, wakalea, wakanyamaza. Kimya chao ndicho watoto wao wanachokiita leo siri.

Nakiri kosa langu: nilisoma barua tatu kabla ya kujizuia. Mfasiri ana pupa ya maandishi kama mlevi alivyo na pupa ya tembo. Kisha nikapitisha jicho juu ya tarehe za zilizobaki. Zote ziliandikwa kati ya 1971 na 1974, na mama yao aliolewa 1975. Neno moja langu lingewatuliza, nalo lilikuwa limekwisha kunifika ulimini. Lililonizuia ni methali tuliyokua nayo: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha hunyamazia aliyoyaona. Basi ikiwa maiti, asiyeweza tena kuona haya, husitiriwa, itakuwaje aliye hai avuliwe nguo na wanawe? Tena maiti hana ulimi wa kujisemea. Mama huyu anao. Nikazikunja barua, nikawaambia wazirudishe, wamtake radhi mama yao, kisha wamwulize wenyewe.

Mkubwa akaghadhibika. "Kwa hivyo mtoto hana haki ya kumjua mzazi wake?"

Swali lake ni zito, wala halijibiwi kwa methali. Haki hiyo ipo, lakini ina mpaka wake, na mpaka ni pale siri inapobeba maisha ya mtu mwingine. Anayejua nasaba ya kweli ya mtoto akainyamaza. Anayejua mrithi aliye mbali akaacha mali igawanywe bila yeye. Anayejua kuwa wachumba wawili walinyonya ziwa moja akakaa kimya mpaka wakaozwa: hao hawakusitiri, wameficha. Kuna mtu anayeishi juu ya siri yao bila kujua, kama aliyejenga nyumba juu ya kisima kilichozibwa kwa makuti. Lakini moyo wa msichana wa 1971 haukumrithisha mtu hasara. Kujua kwa watoto kusingewarudishia kitu walichonyang'anywa, kwa kuwa hawakunyang'anywa kitu.

Katika riwaya yake ya mwaka 1985 kuhusu mapenzi zama za kipindupindu, Gabriel García Márquez wa Kolombia ameziweka siri za namna zote mbili katika kisa kimoja. Florentino Ariza anamngoja Fermina Daza zaidi ya miaka 50, mpaka afiwe na mumewe. Wasomaji wengi husifu subira hiyo, wakamsahau msichana wa skuli aliyekabidhiwa Florentino amwangalie, akamfanya hawara, kisha akamwacha, na mwisho wake akajiua. Siri hiyo ilikuwa na maiti ndani yake, ni kuficha. Ama Ofelia, binti wa Fermina, analochukia si siri. Anaona mapenzi ya wazee kuwa ni uchafu, na mama yake anamfukuza nyumbani.

Hapo ndipo nilipouona ugonjwa wa wageni wangu. Kila mtoto hudhani mama yake alianza kuishi siku alipomzaa yeye. Sheria yetu imempa mjane eda ya miezi minne na siku kumi, kisha ikamfungulia mlango, wala haikuandika juu ya mlango huo umri wa kupita. Aibu tumeipachika sisi. Baba wa miaka 70 akioa, twamwambia hongera. Mama wa umri huo akiolewa, twapekua kasha lake.

Baada ya wiki mbili mama yule aliniita. Nikampa shikamoo, nikamwambia kuhusu zile barua tatu. Akanitazama kitambo.

"Wanangu wameniuliza, nami nimewajibu," akasema. "Baba yao aliniuliza swali hilo hilo mwezi wa mwanzo wa ndoa yetu. Nikamweleza yote, na barua nikamtolea. Akaniambia, ziweke pakavu zisiliwe na mchwa."

Basi siri ile ilikuwa imekwisha kufikishwa kwa mtu wa pekee aliyeidai, miaka mingi kabla ya wanawe kupata akili ya kuuliza. Nilidhani ninamsitiri bibi huyu. Kumbe nilikuwa nikiisitiri na heshima ya marehemu, ambaye alijua, akaridhika, akaondoka nayo kaburini.

Nikaha ilisomwa mwezi uliofuata, kaka wa bibi akiwa walii. Mtoto mdogo alihudhuria na akamsindikiza mama yake. Mkubwa hakuja, na hata leo hajaja. Bibi ameniruhusu kuyaandika haya, ila majina yabaki ndani. Yaliyomo katika zile barua tatu ningali nayo kifuani, na humo yatakaa.