Mkuki Usio na Saini

Je, kitu cha kale ni mali ya aliyekirithi, au ni mali ya anayekijua? Swali hili laonekana jepesi mpaka siku mtu anapobisha hodi na fedha mkononi. Hapo mrithi hugundua kwamba hakukijua alichokuwa nacho, naye mjuzi hugundua kwamba ujuzi si hati ya kumiliki.

Wapo watu walioufikisha ujuzi wa namna hii mbali sana. Nawafikiria wakusanyaji wa panga za kale za vita za Kijapani. Mkusanyaji wa kweli hutazama kwanza mpindo wa upanga, kisha mstari hafifu unaofuata makali, kisha nyuzinyuzi zilizobaki katika chuma baada ya kukunjwa na kufuliwa tena na tena. Mwisho huvua mpini na kutazama kile kipande kinachofichwa ndani yake. Hapo ndipo wahunzi wengi walipochonga majina yao. Kipande hicho hakisuguliwi kamwe, maana kutu yake ndiyo shahidi wa umri, na mwenye kuing'arisha ameua shahidi. Hata hivyo jina pekee halitoshi. Saini za uongo ni nyingi mno, kwa hiyo sharti chuma chenyewe kikubaliane na jina kilichobeba. Siku hizi huko Japani upanga ulioandikishwa una karatasi yake, na ukiuzwa karatasi huufuata upanga.

Yote hayo hayakuzuia upotevu. Mwezi Machi 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku raia kutembea na panga viunoni, na mafundi waliotengeneza panga na mapambo yake wakabaki bila kazi. Vile vikinga mkono vya chuma vilivyokaa kati ya mpini na makali vikawa vinauzwa peke yake, kama vifungo vilivyokatwa kwenye koti. Baada ya vita mwaka 1945 silaha zilikusanywa kwa amri ya majeshi ya Marekani. Upanga uitwao Honjo Masamune, uliokuwa umetangazwa hazina ya taifa mwaka 1939, ulikabidhiwa katika kituo cha polisi jijini Tokyo, na tangu hapo haujulikani ulipo.

Inanishangaza kwamba mwanzoni mwa mwaka huohuo 1876 Stanley alikuwa hapa jirani zetu Karagwe, kwa Mfalme Rumanyika, akionyeshwa nyumba ya hazina yenye mikuki ya namna namna na sanamu za ng'ombe za madini. Aliichora nyumba hiyo katika kitabu chake. Mchoro unatupa maumbo. Mikono iliyofua vitu vile haimo.

Nasi Wahaya hatukuwa wageni wa chuma. Masimulizi ya Mfalme Rugomora Mahe yanataja mnara wa chuma uliokusudiwa kufika mbinguni, na pale Katuruka, Maruku, ulipokuwa mti wa Kaiija, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka elfu mbili. Miaka ya 1970 wazee walioyeyusha chuma ujanani walijenga tena tanuri mbele ya watafiti. Mara za kwanza walishindwa, kwa kuwa nusu karne ilikuwa imepita tangu majembe ya kigeni yawanyang'anye soko. Wakakumbuka kidogo kidogo, mpaka matete ya kinamasi yanayochomwa ndani ya shimo la tanuri kabla ya kulijaza. Ujuzi wote huo ulikuwa kichwani na mikononi. Hakuna aliyeuchonga kwenye chuma.

Sasa nieleze habari ya jirani yangu mmoja wa Muleba, kijana aliyemaliza miaka thelathini. Kwao upo mkuki wa bapa pana, uliorithiwa pamoja na kibanja. Baba yake alifariki mwaka 1996, yeye akiwa na miaka sita. Msomaji wa Kagera hahitaji kuelezwa miaka ile ilikuwaje. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na baada ya hapo nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu, kizazi cha katikati kikiwa makaburini. Watu wameandika juu ya yatima na mashamba. Sijaona mengi yaliyoandikwa juu ya maneno ambayo baba alikusudia kumwambia mwanawe atakapokua.

Akaja mnunuzi wa vitu vya kale, amefikia hoteli mjini Bukoba. Kijana aliniita nisome karatasi ya mauzo. Alikuwa na shida ya kweli: migomba imeliwa na mnyauko, ugonjwa ulioingia wilayani kwetu mwaka 2006, na mdogo wake wa kike anadaiwa ada ya chuo. Tena, ili mkuki upendeze, alikuwa ameusugua kwa msasa mpaka ukang'aa kama sahani. Mnunuzi alipouona alishika kichwa. Alikuwa amekusanya panga za Kijapani kwa miaka mingi kabla ya kugeukia mikuki ya nchi za maziwa, na kwake ule msasa ulikuwa msiba. Hata hivyo aliupima, akaugeuza, akasema bila shaka ni kazi ya Karagwe.

Bibi aliyekuwa amekaa mkekani akacheka. Akasema, "Karagwe? Aliyeufua alikuwa akikaa nyuma ya kilima kile. Mpaka uzee wake alikuwa akija hapa kunywa rubisi."

Mnunuzi akatoa daftari. Akasema bei itapanda maradufu bibi akitaja jina la mhunzi na namna mkuki ulivyofika nyumbani. Hakusema kwa jeuri. Hata naamini kwamba kwake mkuki ungetunzwa vizuri kuliko ulivyotunzwa darini mwetu, penye moshi na mchwa.

Lakini hebu tupime. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Nani atautazama mkuki usio na saini aseme ni wa 1860 au wa 1890? Ni bibi tu, kwa kuhesabu vizazi. Yeye ndiye kile kipande kilichofichwa ndani ya mpini. Fedha inaweza kununua chuma kutoka kwa mjukuu, na mimi sithubutu kumlaumu mtu anayeuza chuma ili dada yake asome. Masimulizi ni jambo jingine. Mjukuu hajayapokea bado, atayauzaje? Na kama mgeni atayapokea kabla yake, basi kijana atakuwa ameuza urithi kabla hajaurithi, hata kama bei ilikuwa ya haki na karatasi ina mhuri.

Bibi aliona hivyo kabla yangu. Alimwambia mnunuzi, "Bwana, karibu chakula. Jina hilo nitamwambia mjukuu wangu. Yeye akitaka kukuuzia, shauri lake."

Mgeni alikula, akaacha namba yake ya simu. Ada ya muhula ule ililipwa kwa kuuza ndama na kwa mkopo. Jioni zile kijana alikaa na bibi yake, akajaza kurasa kumi na moja za daftari la shule: jina la mhunzi, majembe mawili ya mahari yaliyofuliwa upya, na ugomvi wa mpaka ambao baba yake hakuwahi kumweleza. Alinionyesha. Nilimuuliza kama atauza. Alisema sasa anajua bei halisi, kwa hiyo imekuwa vigumu zaidi kuamua.