Mauti na Thamani ya Uhai: Tafakuri juu ya Al-Inkishafi, Utendi wa Mwana Kupona na Kichwamaji

Utangulizi

Mwaka 2021, katika semina ya wanafunzi wa uzamili, tulikuwa tukiusoma utenzi wa Al-Inkishafi. Mwanafunzi mmoja alikuwa amefiwa na mamake mwaka uliotangulia, wakati wa janga la korona, ambapo mazishi nchini Kenya yaliwekewa masharti makali na waombolezaji wakawa wa kuhesabiwa. Hakuruhusiwa kuingia wodini, na alimzika mamake bila ya kuagana naye. Tulipofika katika beti zinazoeleza jinsi majumba ya Pate yalivyogeuka magofu, aliuliza iwapo mshairi alikuwa akimwambia kwamba maisha ya mamake, pamoja na taabu zote alizozipata katika kuwasomesha wanawe, hayakuwa na maana kwa kuwa yaliishia kaburini. Nilimjibu kwa namna ambayo sisi wahakiki tumeizoea: nikataja zuhudi, nikataja athari za dini katika ushairi wa kale, kisha nikaendelea na ubeti uliofuata. Jibu langu halikuwa na kosa la kihistoria, lakini halikumfaa aliyeuliza. Makala haya ni jaribio la kulirudia swali lake.

Kwa ufupi, swali lenyewe ni hili: je, kuyatafakari mauti humfanya binadamu authamini uhai, au humfanya audharau? Fasihi ya Kiswahili ina mifano ya majibu yote mawili. Tunalodai hapa ni kwamba tofauti baina ya majibu hayo haitokani na wingi wa kukifikiria kifo, bali na upande ambao fikira hiyo inauelekea. Anayekitazama kifo kama jambo linalomhusu yeye peke yake aghalabu huishia kuona utupu. Anayekitazama kama kutengana na watu pamoja na vitu mahususi hulazimika kuvitambua vitu hivyo na kuwatambua watu hao.

Lugha ya kuagana

Kabla ya kuzigeukia kazi zenyewe, yafaa tuitazame lugha zilizoandikiwa. Neno 'fariki', lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kutengana, na hakuna atenganaye ila kuna anayetengana naye. Vivyo hivyo, anayeaga dunia hana budi kuwa na wa kumwaga. La muhimu zaidi ni neno 'buriani'. Kupeana buriani si kuagana tu bali ni kutakana radhi na kusameheana, ili anayeondoka na anayebaki wasidaiane. Katika mazishi ya Waislamu wa pwani, jamaa wa marehemu huwatangazia waliohudhuria kwamba yeyote aliyekuwa akimdai marehemu ajitokeze ili alipwe, au asamehe. Mila hii inachukulia maisha ya mtu kuwa hesabu iliyo wazi baina yake na wenzake, na kifo kuwa ndiyo siku ya kuifunga. Kwa mtazamo huu, kuyafikiria mauti ni kujiuliza nani ananidai, na ni kipi nilichopewa ambacho sijakilipa. Maswali kama hayo hayawezi kuulizwa na mtu anayeudharau uhai.

Al-Inkishafi na kumbukumbu ya taa

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi katika enzi ambayo Pate, mji uliopata kuwa na utajiri mkubwa wa biashara ya Bahari ya Hindi, ulikuwa umedhoofika. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani kumi, na anayeambiwa ni moyo wa mshairi mwenyewe. Wahakiki wengi wameusoma utenzi huu kama hotuba ya kuikana dunia, na ushahidi wa kuwaunga mkono haukosekani. Dunia inafananishwa na mazigazi yanayomhadaa mwenye kiu. Isitoshe, maelezo ya adhabu za Jahannamu yanayotolewa mwishoni hayaachi shaka kuhusu nia ya mshairi.

Hata hivyo, tuzitazame beti za katikati. Mshairi anayekusudia kuuonya moyo usiipende dunia anakumbuka taa zilivyowaka hata usiku ukafanana na mchana, vyombo vya kaure vilivyopangwa katika zidaka, na vitanda vilivyotengenezwa kwa ustadi. Kisha anatuonyesha buibui, popo na makinda ya ndege wakikaa palipokaa wenye nyumba. Mtu anayeidharau nyumba hakumbuki ni wapi vyombo vilipangwa. Umakini huu ni wa mtu aliyeingia katika nyumba hizo, akakaribishwa, na akaona kwamba zilikuwa njema.

Pana hoja ya kupinga usomaji huu, nayo ni nzito: mshairi anauorodhesha uzuri ili tu kuonyesha kwamba haukufaa kitu. Tunakubali kwamba ndilo kusudio lake. Lakini onyo lake linategemea wema wa kilichopotea. Gofu la jengo ambalo halikupata kuwa na thamani halimliwazi wala halimwonyi mpita njia. Zaidi ya hayo, mshairi haulizii vyombo pekee. Anauliza waliko watu, na miongoni mwao anamtaja Ali bin Nasir, jina lile lile linaloandamana na lake katika nasaba. Swali la 'wako wapi' ni la balagha, kwani jibu linajulikana. Lakini kulitaja jina la mtu wa nasaba yako ndani ya swali hilo ni aina ya maombolezo. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba utenzi huu una sauti mbili, moja inayoikana dunia na nyingine inayoililia, na kwamba ya kwanza isingekuwa na nguvu bila ya ya pili.

Mwana Kupona na matumizi ya muda uliobaki

Katika Al-Inkishafi mshairi anavitazama vifo vya wengine. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, anayesema ni mgonjwa anayekitazama kifo chake mwenyewe. Mwana Kupona binti Msham alifariki yapata miaka miwili baadaye. Anamwita bintiye asogee na wino na karatasi, anamwarifu kwamba ameugua kwa muda wa mwaka mzima, kisha hazungumzi tena juu ya maumivu yake. Maneno yake anayaita hirizi ya kufungwa mwilini, na kidani cha lulu na marijani cha kujipambia.

Mengi yameandikwa juu ya mafunzo anayoyatoa kuhusu utiifu wa mke, na mjadala huo una haki ya kuendelea. Jambo ambalo halijazingatiwa vya kutosha ni hali ambamo mafunzo hayo yanatolewa. Akijua kwamba muda umekwisha, Mwana Kupona anautumia kumpamba mtu mwingine. Anakumbuka pia kwamba mumewe, ilipofika saa ya kutengana, alimkaririria radhi zake. Hiyo ndiyo buriani tuliyoieleza, na anayeandika anaitoa kwa bintiye kama alivyoipokea. Twaweza kutofautiana naye juu ya nafasi ya mwanamke, lakini ni vigumu kukana kwamba ukaribu wa kifo umemfanya aone kwa uwazi zaidi nani yuko mbele yake na anahitaji nini.

Kichwamaji na kifo kisicho na buriani

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji (1974), inatupa mfano wa kinyume. Kazimoto, msimulizi, ni mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye elimu imemtenga na imani ya wazazi wake bila ya kumpa nyingine. Dadake Rukia anakufa, mamake anakufa, na mwishoni yeye mwenyewe anajiua. Hakuna mhusika katika riwaya za Kiswahili za wakati huo anayeyafikiria mauti kumshinda. Iwapo kukifikiria kifo kungetosha kumfunza mtu kuuthamini uhai, Kazimoto angekuwa mwalimu wetu.

Wahakiki wamemhusisha Kazimoto na falsafa ya udhanaishi, na ulinganisho huo unasaidia hapa. Martin Heidegger, katika kitabu chake cha mwaka 1927, alishikilia kwamba kifo ndicho kilicho changu zaidi kuliko kitu chochote, kwa kuwa hakuna anayeweza kunifia. Kauli hiyo haikanushiki. Lakini haielezi kwamba wapo nitakaowafia, yaani watakaofiwa nami. Kazimoto anaomboleza, hilo hatulikani. Ila kila kifo kinachomfika kinageuka kuwa hoja ya kuthibitisha kwamba maisha hayana maana, na marehemu anatoweka ndani ya hoja hiyo. Kezilahabi hakukosea kumchora hivyo. Alionyesha yanayompata msomi anayebaki na wazo la kifo baada ya kupoteza mila za kuagana.

Hitimisho

Tumeona kwamba tafakuri ya mauti si dawa yenyewe. Inaweza kumrejesha mtu kwa wenzake, na inaweza kumfungia ndani ya nafsi yake. Kwetu sisi walimu wa fasihi, jambo hili lina uzito wa kimaadili, maadamu tunazifundisha kazi hizi kwa watu ambao baadhi yao wametoka makaburini juzi.

Lau ningeulizwa tena swali lile, ningemwomba mwanafunzi afanye alivyofanya mshairi: ataje vitu vya nyumba ya mamake kimoja kimoja, na mahali kila kimoja kilipowekwa. Nadhani angeona kwamba Al-Inkishafi haukanushi thamani ya maisha yale. Angeona pia kwamba buriani aliyonyimwa wodini haijafungiwa mlango kabisa, kwani deni ambalo hatukuwahi kumlipa marehemu tunaweza kuwalipa aliowaacha. Nilipaswa kumwambia hayo siku ile. Sikuyajua, au niliyajua nikaona si mahali pake. Kwa hilo namtaka radhi.